Ng'ang'ange haisomeki: kuita shiti kwa jina ndani ya Excel

Kwenye kompyuta ya ghala letu hapa Ipogolo kuna shiti inaitwa JUMLA, na kila anayeiona kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile: mbona ukiandika jina la kituo tu, gunia, kilo na malipo yanajaa yenyewe? Aliyeuliza mwisho ni dada wa ofisi ya jirani, anayetunza hesabu za mbao. Nilianza kumjibu kwa WhatsApp, ujumbe ukawa mrefu kupita kiasi, nikaona bora niuweke hapa na wengine wafaidi.

Sisi tunanunua njegere na viazi huko juu Kilolo. Vituo vimetawanyika: Dabaga, Mtitu, Ukumbi, Ukwega, Idete, Ng'uruhe, Bomalang'ombe, Ng'ang'ange, na huku chini kwenye barabara kuu tunachukua vitunguu Ruaha Mbuyuni. Kila kituo kina karani wake, na kila karani ana shiti yake ndani ya faili moja la Excel. Safu A ni tarehe, B zao, C jina la mkulima, D gunia, E kilo, F malipo. Gunia na kilo nimezitenganisha kwa makusudi. Anayenunua viazi nyanda za juu anaijua lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo. Ukirekodi gunia peke yake umejiandalia ugomvi na mkulima, na dereva, na mwisho na bosi.

Kwa nini tusiweke vituo vyote kwenye shiti moja? Nitalirudia hilo baadaye, maana kuna kijana alinibana nalo sana. Kwa sasa chukua tu kwamba shiti ya kila kituo huchapishwa, hupanda na gari, na wakulima husaini mbele ya majina yao. Mkulima wa Idete hana haja ya kubeba hesabu za Ukwega.

Njia ya kawaida ya kuchukua namba kutoka shiti nyingine kila mtu anaijua. Unaandika alama ya sawasawa, unabofya shiti, unabofya seli, unapiga Enter, na Excel inakuandikia:

=Dabaga!F2

Alama ya mshangao ndiyo inayotenganisha jina la shiti na anwani ya seli. Shida inaanza ukiivuta fomula hiyo kwenda chini ili ikamate Mtitu, Ukumbi na wenzao. Excel itabadilisha F2 kuwa F3, F4, F5, ila jina Dabaga haitaligusa hata ukivuta mpaka jioni. Namba za mistari na herufi za safu zinasogea, jina la shiti halisogei. Basi unabaki kuandika fomula moja moja kwa mkono, kila kituo, kila safu. Na bosi akiongeza kituo katikati ya msimu, jambo ambalo ni kawaida yake akishapenda njegere za mahali fulani, unakaa tena kuandika.

Dawa yake ni INDIRECT. Unaipa maandishi, yenyewe inayachukulia kuwa ni anwani na kwenda kuchota kilichomo. Ukiandika =INDIRECT("F2") unapata kilichomo F2 ya shiti uliyopo. Hapo hakuna cha ajabu. Utamu wake ni kwamba maandishi yanaunganishwa kwa alama ya &, kwa hiyo anwani unaijenga vipande vipande, na kipande kimoja unakitoa kwenye seli. Kwenye JUMLA, seli A5 imeandikwa Dabaga, basi:

=INDIRECT("'"&A5&"'!F2")

Tuisome polepole, maana hapa ndipo wengi huachia njiani. Kipande cha kwanza, "'", ni ritifaa moja, yaani alama ya ', iliyofungwa ndani ya alama za kunukuu. Kwenye skrini ndogo ya laptopu inaonekana kama madoa ya nzi, kuza skrini kama huoni. Kipande cha pili, A5, ndicho kinachobadilika. Cha tatu, "'!F2", kina ritifaa ya kufungia, alama ya mshangao, na seli unayoitaka. Vikiungana vinatoa 'Dabaga'!F2, na INDIRECT inashika njia. Ukivuta chini, A5 inakuwa A6, ambako kumeandikwa Mtitu, nayo inakwenda Mtitu.

Ikikukataa, iondoe INDIRECT kwanza. Andika ="'"&A5&"'!F2" peke yake kwenye seli ya pembeni, utaona kwa macho yako anwani iliyojengeka. Kisha nenda seli nyingine, bofya shiti ile kwa njia ya kawaida, na ulinganishe na kile ambacho Excel imeandika. Zikifanana herufi kwa herufi, rudisha INDIRECT yako. Mimi fomula ndefu zote nazijenga hivyo mpaka leo, wala sioni aibu.

Ritifaa hizo mbili za pembeni ni za nini? Dabaga haizihitaji. Ruaha Mbuyuni inazihitaji, kwa sababu ya ile nafasi katikati. Shiti yenye jina la tarakimu tupu, tuseme 2025, inazihitaji. Na kuna kundi ambalo watu hawalishtukii: majina ya miezi. Ukiiita shiti MEI25 au AGO25, kwa Excel hiyo ni anwani ya seli kabisa, maana tangu toleo la 2007 safu zinakwenda mpaka XFD, na MEI na AGO ni safu halali zilizomo humo. Kwa kuwa ritifaa ikiwekwa pasipohitajika haidhuru, weka siku zote, usikae kuchambua jina lipi linahitaji na lipi halihitaji.

Sasa twende Ng'ang'ange.

Mafunzo mengi ya Excel huishia pale juu, kwa sababu walioyaandaa shiti zao zinaitwa Januari na Mauzo. Hawana Ng'uruhe. Sisi tunazo Ng'uruhe, Bomalang'ombe na Ng'ang'ange, zote ni kata za Kilolo, na zote zina ritifaa tumboni. Ukiivuta ile fomula mpaka kwenye mistari yao, Dabaga inasoma, Mtitu inasoma, Ukwega inasoma, hawa watatu wanakutolea #REF!, kosa la anwani isiyopatikana.

Sababu ni hii. Excel hutumia ritifaa kuonyesha jina la shiti linapoanzia na linapoishia. Ikikutana na 'Ng'ang'ange'!F2 inafungua, inasoma herufi mbili, N na g, inakuta ritifaa, inadhani jina limekwisha. Yanayofuata, ang'ange na kuendelea, hayana maana kwake. Kanuni yake ni kwamba ritifaa iliyo ndani ya jina iandikwe mara mbili. Huna haja ya kuniamini mimi. Bofya shiti ya Ng'ang'ange kwa njia ya kawaida uone Excel yenyewe inavyoandika:

='Ng''ang''ange'!F2

Pale katikati ni ritifaa mbili zilizofuatana, si alama ya kunukuu. Ukiandika alama ya kunukuu haitakubali. Na kwa sababu safu A ya JUMLA inatazamwa na watu, na hakuna anayetaka kuona jina la kijiji chake limeandikwa kwa ritifaa mbilimbili, kazi ya kuzidisha tunaiachia SUBSTITUTE ndani ya fomula:

=INDIRECT("'"&SUBSTITUTE(A5,"'","''")&"'!F2")

SUBSTITUTE inatafuta ritifaa moja, inaweka mbili. Kwa Dabaga haikuti kitu, inapita kama ilivyo. Kwa Ng'ang'ange inabadilisha pande zote mbili. Fomula ni moja kwa vituo vyote, na hiyo ndiyo inayofaa mahali petu penye ng' nyingi, kuanzia ng'ombe mpaka majina ya watu.

Lakini kuna mdudu mwingine kwenye jina hilohilo, naye ni mjanja zaidi. Makarani wananitumia orodha za vituo kwa WhatsApp, au mtu anaziandika kwenye Word halafu ananakili. Word, na baadhi ya simu, huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, ’ badala ya '. Kwa jicho ni jina lilelile. Kwa Excel ni herufi mbili tofauti, na shiti yenye ritifaa iliyonyooka haiitwi kwa ritifaa iliyopinda. Utakaa unalinganisha majina, unaapa kuwa yanafanana, na #REF! imekukodolea macho. Kipimo chake ni hiki: ritifaa ya kwanza ya Ng'ang'ange ni herufi ya tatu, kwa hiyo andika

=UNICODE(MID(A12,3,1))

MID inachukua herufi hiyo, UNICODE inakupa namba yake. Ukipata 39, imenyooka. Ukipata 8217, imepinda, na umemkamata. Nafasi iliyobaki mwishoni mwa jina nayo ni balaa la aina hiyohiyo, haionekani ila inahesabika. Herufi kubwa na ndogo ndizo pekee zisizokusumbua. Ukiandika dabaga kwa herufi ndogo Excel inaelewa.

Kwa hiyo kwenye JUMLA nina safu H, nimeificha, ambayo inasafisha jina na kuliandaa mara moja. Kwenye H5:

="'"&SUBSTITUTE(TRIM(SUBSTITUTE(A5,UNICHAR(8217),"'")),"'","''")&"'!"

Isome kuanzia ndani kwenda nje: iliyopinda inanyooshwa, nafasi za ziada zinakatwa, ritifaa zinazidishwa, kisha jina linavishwa ritifaa za pembeni na alama ya mshangao. Baada ya hapo fomula nyingine zote zinakuwa fupi. Juu ya kila safu ya JUMLA, mstari wa 3, nimeandika seli ninayotaka kuchota: B3 ina neno D2, C3 ina E2, D3 ina F2. Halafu kwenye B5 naandika:

=INDIRECT($H5&B$3)

navuta kulia, navuta chini, basi. Alama za dola zimekaa hapo ili safu H isihame ninapovuta kulia, na mstari wa 3 usihame ninapovuta chini. UNICODE na UNICHAR ziko kuanzia Excel 2013. Mwenye toleo la zamani zaidi kwenye Windows atumie CODE na CHAR, na namba ya ile iliyopinda hapo ni 146.

Umeona kwamba nachota mstari wa 2, yaani juu. Jumla za kila kituo nimeziweka juu ya jedwali, si chini. Wahasibu waliofundishwa na daftari la mistari wanaona kichefuchefu, jumla kwao ni mwisho wa ukurasa. Lakini njegere zikiwa zimekolea orodha ya Dabaga inaongezeka kila siku, na jumla ya chini ingehama kila siku. Juu imetulia. F2 ya kila shiti ni =SUM(F6:F500) na haihami, alimradi mtu asiingize mstari pale juu.

Na kuna siku mtu ataingiza, kwa sababu amependa kuweka nembo. Fomula ya kawaida ingefuata seli ilikokwenda. INDIRECT haifuati, kwa kuwa F2 yake ni maandishi tu, na maandishi hayajui kwamba mistari imesogea. Hutaona hata #REF!; utaona namba nyingine kabisa, au sifuri. Mwenye wasiwasi na hilo aipe seli jina. Simama kwenye F2 ya Dabaga, fungua Name Manager, tengeneza jina MALIPO, na pale kwenye Scope chagua shiti hiyo badala ya faili zima. Ukifanya hivyo kwa kila shiti, kila moja itakuwa na MALIPO yake, na =INDIRECT($H5&"MALIPO") itakwenda kwenye seli yenyewe hata ikihamia mstari wa 9. Rahisi zaidi ni kufanya hivyo kwenye shiti ya mfano kabla ya kuinakili. Mimi nina moja inaitwa KIOLEZO, na kila kituo kipya kinazaliwa kutoka humo, majina yake yakiwemo.

KIOLEZO kina kitu kingine kizuri: kichwa chake hujiandika chenyewe. Kwenye A1 nimeweka

=MID(CELL("filename",A1),FIND("]",CELL("filename",A1))+1,31)

CELL inatoa njia nzima ya faili, jina la faili likiwa ndani ya mabano ya mraba na jina la shiti likifuata nyuma yake. Tunakata kinachofuata baada ya mabano. Ile 31 ndiyo ukomo wa urefu wa jina la shiti. Faili liwe limehifadhiwa kwanza, la sivyo haitoi kitu. Na usiache ile A1 ya ndani ya CELL, ukiiacha inaweza kukupa jina la shiti nyingine uliyoigusa mwisho, na karani wa Idete atapokea karatasi yenye kichwa cha Mtitu.

Tukiwa kwenye majina: Excel haikubali shiti yenye mkwaju, nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota wala mabano ya mraba. Dada wa mbao ana tabia ya kuandika 2x4/Sao Hill kwenye daftari lake. Kwenye shiti itabidi iwe 2x4 Sao Hill, na orodha yake ya JUMLA iandikwe vilevile bila mkwaju.

Kitu ambacho bosi amekipenda kuliko vyote si JUMLA, ni shiti inaitwa RIPOTI. Juu yake kuna seli moja, B1, yenye orodha ya kuchagua, iliyotengenezwa kwa Data Validation ikielekezwa kwenye safu A ya JUMLA. Anachagua Bomalang'ombe, ukurasa mzima unageuka kuwa wa Bomalang'ombe. H1 ya shiti hiyo ina fomula ileile ya kusafisha jina, ila inasoma B1, na kila seli ya orodha kuanzia mstari wa 6 ina kitu kama hiki:

=INDIRECT($H$1&"C"&ROW())&""

ROW() inatoa namba ya mstari uliopo, kwa hiyo mstari wa 6 unachota C6, wa 7 unachota C7. Ile &"" ya mwisho ni ya majina, inazuia sifuri kujitokeza pale ambapo hakuna mtu. Kwenye safu za fedha na kilo usiiweke, itageuza namba kuwa maandishi na hutaweza kujumlisha.

Na bosi akiuliza, "njegere peke yake, vituo vyote, tumelipa kiasi gani?", jibu liko kwenye fomula moja ya kutisha kidogo:

=SUMPRODUCT(SUMIF(INDIRECT($H$5:$H$13&"B6:B500"),"Njegere",INDIRECT($H$5:$H$13&"F6:F500")))

INDIRECT inapewa orodha nzima ya anwani, SUMIF inatoa jumla ya njegere kwa kila shiti, SUMPRODUCT inazikusanya. Jina moja tu likiwa na kasoro, fomula nzima inaanguka. Mimi naona hiyo ni sifa yake.

Hapo ndipo ninapogombana na watu kuhusu IFERROR. Mtu akiona #REF! inamkera, anaizungushia =IFERROR(INDIRECT(...),0), JUMLA inapendeza, hakuna wekundu. Fikiria basi karani amebadilisha jina la shiti kutoka Ukumbi kuwa Ukumbi Mpya. Fomula ya kawaida ingebadilika nayo. INDIRECT haibadiliki, inaendelea kutafuta Ukumbi ambayo haipo. Kwa IFERROR, Ukumbi inasoma 0. Sifuri inafanana kabisa na kituo ambacho wiki hiyo hakikununua, hasa masika, barabara ya kwenda juu ikiwa tope. Malipo ya wakulima wa kituo kizima yanapotea kwenye jumla na hakuna anayeuliza. Mimi nataka #REF! ipige kelele. Mkaguzi akija aikute imepigiwa kelele na kurekebishwa, si imefunikwa.

Badala ya kufunika, nimeweka seli ya kulinganisha, nayo inahesabu kwa njia isiyotumia INDIRECT hata kidogo. Kuna shiti mbili tupu, Mwanzo na Mwisho, na shiti zote za vituo zimekaa katikati yao. Fomula

=SUM(Mwanzo:Mwisho!F2)

inajumlisha F2 za kila shiti iliyoko kati ya hizo mbili, bila kujali inaitwaje. Naitoa kwenye jumla ya safu ya malipo ya JUMLA, na jibu lazima liwe 0. Kituo kikisahaulika kwenye orodha, au kikiandikwa mara mbili, tofauti inajitokeza hapo. Hakikisha tu JUMLA, RIPOTI na KIOLEZO viko nje ya uzio huo. JUMLA ikiingia ndani na F2 yake ikawa na hesabu zinazotegemea hiyohiyo, Excel itakulalamikia kwamba fomula inajizunguka.

Utauliza, kama Mwanzo:Mwisho inaweza yote hayo, INDIRECT ya nini? Kwa sababu hiyo inakupa jumla kuu tu, haikuonyeshi kituo kimoja kimoja, na SUMIF haiikubali.

Kasi nayo niiseme. INDIRECT hujikokotoa upya kila unapobadilisha chochote, hata seli isiyohusika nayo. Kwa vituo vyetu tisa na safu tatu huoni tofauti. Ila ile RIPOTI yenye mamia ya mistari, kwenye laptopu kuukuu ya ghala, ukiandika namba moja unasubiri. Nikiwa naingiza data nyingi naweka Calculation iwe Manual, nikimaliza napiga F9. Pia INDIRECT haisomi faili lililofungwa. Ukitaka kuchota kutoka faili la msimu uliopita, lifungue kwanza, la sivyo ni #REF! tena.

Yule kijana sasa. Alikuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo kutoka chuo kimoja, akazitazama fomula zangu, akatikisa kichwa.

"Dada, hizi zote za nini? Weka shiti moja, ongeza safu ya kituo, tumia SUMIFS. Ritifaa zote zinakufa."

"Na karatasi za wakulima kusaini?"

"Unachuja kituo, unachapisha."

"Mdogo wangu, na makarani tisa wataandika kwenye shiti moja kwa wakati mmoja, kila mmoja na simu yake?"

Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mimi ningechuja."

Alikuwa na haki zaidi ya nusu. Anayeanza leo, mwenye karani mmoja na kompyuta moja, amsikilize yule kijana. Jedwali moja refu, safu ya kituo, SUMIFS au jedwali la Pivot, na hakuna haja ya INDIRECT maishani mwake. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni tumeshavihamishia kwenye mtindo huo, maana vinapokelewa na mtu mmoja. Na wenye Microsoft 365 wana njia ya katikati: =VSTACK(Mwanzo:Mwisho!A6:F500) inazipanga shiti zote kuwa jedwali moja bila kuandika jina la kituo hata kimoja, ingawa italeta na mistari mitupu ambayo utaichuja kwa FILTER. Kompyuta ya ghala haina hiyo, kwa hiyo ya kwetu inabaki kama ilivyo.

Kwa wale wa Google Sheets, INDIRECT ya anwani moja moja inafanya kazi kwa namna ileile, ritifaa na mshangao vilevile. Ila Mwanzo:Mwisho huko haipo, na ile ya CELL("filename") pia haipo, kwa hiyo kichwa cha kila shiti utakiandika kwa mkono. LibreOffice inaweza kujumlisha shiti za katikati hivyo, lakini hutenganisha jina la shiti na seli kwa nukta badala ya mshangao: Dabaga.F2, na ya kujumlisha inakuwa =SUM(Mwanzo.F2:Mwisho.F2). Ukihamishia faili lako huko na INDIRECT zikagoma, ingia kwenye mipangilio ya Calc, sehemu ya Formula, utafute panapochagulia mtindo wa anwani zilizo ndani ya maandishi, uchague wa Excel A1. Au badilisha mwisho wa fomula ya safu H, "'!" iwe "'.", kila kitu kingine kibaki.